Profesa Aliyegonga Muhuri Mtandaoni

Muhuri wake alilala nao. Sisemi hivyo kumtania. Mke wake mwenyewe alitusimulia siku tulipokwenda kumpa pole ya malaria: muhuri huwa chini ya mto, na kikopo cha wino hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili kisichafue mashuka. Mchana vyote viwili vilikaa katika mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, na kwa kuwa ile plastiki ilikuwa imetoboka zamani, kila shati la Profesa lilikuwa na doa la zambarau kifuani. Wanafunzi walimtambua kwa doa hilo kabla ya kumtambua kwa uso.

Nilikuwa assistante wake, yaani yule mtu wa chuo kikuu anayesahihisha mitihani ya mwalimu, anayeingia darasani mwalimu asipofika, na anayeahidiwa kupanda cheo kila mwaka wa masomo unapofunguliwa. Pia nilikuwa katibu wa Kituo chake cha Utafiti, chumba kimoja mtaani Nguba, Bukavu, chenye meza mbili na kabati lisilofungika. Profesa alikuwa rais wa Kituo. Wanachama wengine walikuwepo, lakini hao walionekana siku za vinywaji.

Kilichonichekesha, na siku nyingine kunitia hasira, ni somo alilofundisha. Alifundisha sosholojia ya utawala, na kwa somo hilo alikuwa hodari kweli. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa mpaka madirishani, akawacheka makarani wa jimbo zima: yule anayekunyima cheti kwa sababu hukuja na cheti, yule anayekutuma meza ya pili ambayo inakurudisha meza ya kwanza. "Mukoloni alituachia makaratasi," alisema, "na siye tukapiga magoti mbele ya makaratasi." Wanafunzi walipiga makofi na kugonga madawati. Kisha Profesa alitoa muhuri kwenye koti, akagonga orodha ya waliohudhuria, karatasi moja baada ya nyingine, akipuliza wino ukauke. Hakuona chochote cha kuchekesha hapo.

Aligonga kila kitu kilichotulia mbele yake. Mwaliko wa harusi ya binti yake aliugonga, maana bila hivyo, alisema, wageni wangedhani ni uvumi. Kitabu chake cha nyimbo za kanisani alikigonga kwa ndani, ili wezi wa parokia wajue wanashughulika na nani. Hata barua ya mapenzi, nadhani, angeigonga, na kuweka nakala kabatini.

Basi mtandao ukaingia Bukavu. Mwanzoni ulikuwa kitu cha kuwaandikia ndugu walio Ulaya na kuwakumbusha kwamba tungali hai. Halafu wafadhili wakaanza swali lao. Zamani mfadhili akija aliuliza: mnafanya nini, tuonyesheni shamba. Sasa aliuliza kwanza: "Muko na site?" yaani, mna tovuti? Swali hilo liliyaangusha mashirika yaliyofanya kazi na kuyainua ambayo hayakuwepo. Mji mzima ulishikwa na homa ya kurasa.

Nilizisoma nyingi, maana kazi yangu ilikuwa kuzisoma. Chama kimoja cha wafugaji wa sungura kilikuwa na ukurasa uliopendeza kuliko sungura wake. Shirika moja la kutetea wajane liliweka picha ya rais wake akiwa ndani ya ndege, na picha nyingine akishuka kwenye ndege. Mjane hakuonekana hata mmoja. Bendera zilipepea kwenye pembe, maandishi yalikimbia kutoka kulia kwenda kushoto, na chini kabisa kulikuwa na mashine ya kuhesabu wageni. Ukibonyeza "Miradi", unaambiwa ukurasa huu unajengwa. Ukibonyeza "Matokeo", nao unajengwa. Neno la Rais ndilo peke yake lililokuwa limekwisha kujengwa, nalo lilikuwa refu.

Wasomi hawakubaki nyuma. Kila mwalimu aliyewahi kupanda ndege alitaka ukurasa wake, wenye picha yake mbele ya rafu ya vitabu vya mtu mwingine. Chini ya picha, orodha ya maandishi: hiki kimechapishwa, hiki kiko njiani, hiki kinafikiriwa. Tulikuwa na wanasayansi wengi sana waliokuwa njiani.

Asubuhi moja Profesa aliingia ofisini bila kunisalimia, jambo ambalo hakulifanya hata siku za msiba.

"Assistante, Kituo yetu iko na site?"

"Hapana, Papa Profesa."

"Bantu ya sungura biko nayo."

"Ndiyo, Papa Profesa. Nimeiona."

Aliketi, akatazama ukuta. "Basi siye hatuko," akasema. Na alikuwa na huzuni ya kweli, naapa, huzuni ya mtu aliyetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu akalikosa.

Tukapanda mlima wa mtaa wa Kadutu kwa Papa wa cyber. Ndivyo mtaa ulivyomwita yule mtu mnene mwenye vicheko vingi, ambaye zamani alitengeneza redio, na sasa alikuwa na mashine kadhaa katika chumba karibu na soko, akiuza mtandao kwa dakika na kutengenezea watu kurasa kwa bei ya kupatana. Profesa alikuwa na desturi ya kupanda mlima ule kwa miguu, viatu vikiwa vimeng'arishwa, na kitambaa mfukoni cha kufutia tope kila anaposimama. Alisimama mara nyingi. Alipofika mlangoni kwa Papa wa cyber, viatu vilikuwa safi na kitambaa kilikuwa tope tupu.

Hakugusa mashine. Katika maisha yake yote sikumwona akigusa kibodi; alisimama nyuma ya anayeandika, mikono mgongoni, na kuamuru. Alianza juu kabisa: jina la nchi, jina la jimbo, jina la Kituo, namba ya kumbukumbu. Kisha akasema, "Objet: ukurasa wa mwanzo."

Papa wa cyber aliondoa vidole. "Prof, ku site bantu habaandikake vile. Hii haiko barua."

"We unajua makina. Mi ninajua administration. Andika."

Akaandika. Kulikuwa na salamu kwa heshima zote, kulikuwa na maelezo ya kwa nini Kituo kimeona vema kuwa na ukurasa, na mwishoni kulikuwa na nakala kwa taarifa: kwa Gavana wa jimbo, kwa Mkuu wa chuo, kwa mabalozi wote walioko nchini.

"Lakini Prof," Papa wa cyber alisema, na hapo alikuwa anajizuia kucheka, "site inaonekana na bantu bote. Copie ni ya nini tena?"

"Bote bataona, ndiyo. Lakini bakubwa banapashwa kujua kama tumebafikiria."

Nilidhani tumemaliza. Profesa alitoa karatasi nyeupe, akatia sahihi, akagonga muhuri, na kwa sababu ya ile plastiki iliyotoboka, tone la wino likaanguka kando ya sahihi na kuacha doa lenye umbo la haragwe. Akampa Papa wa cyber karatasi. "Weka hii chini."

"Cachet? Ku site?"

"Karatasi bila cachet ni ya kufungia samaki ya sambaza."

Papa wa cyber alipiga picha muhuri huo kwa mashine yake, kwa ubora wa juu kabisa, kwa kuwa Profesa alitaka usomeke vizuri mpaka Ubelgiji. Ukasomeka. Matokeo yake ukurasa wa Kituo ulikuwa mzito kuliko kurasa zote za Bukavu. Ukiufungua, maneno yalikuja upesi, halafu ulikaa na kungoja muhuri ushuke mstari kwa mstari, na dakika zako za cyber zikiteketea. Mgeni asiye na subira aliondoka akiwa ameona nusu ya Profesa.

Kulikuwa na uzinduzi, bila shaka. Utepe ulifungwa kuzunguka kompyuta ya Kituo, tuliyoiazima. Padri alinyunyiza maji ya baraka, kwa tahadhari, akikwepa nyaya. Profesa alisoma hotuba ndefu kuhusu Kivu kuingia katika ulimwengu, na alipofikia sentensi ya kuingia, umeme ukakatika. Watu wengine wangeahirisha. Yeye alikuwa amejiandaa: alitoa kwenye mkoba ukurasa ule ule uliochapwa kwa rangi na kufunikwa plastiki ngumu, akauinua juu, akakata utepe kwa mkasi wa fundi cherehani, na tovuti ikazinduliwa gizani mbele ya mashine iliyozimika. Tulipiga makofi. Wanachama wa Kituo walikuwepo wote, maana kulikuwa na vinywaji.

Tangu siku hiyo ile karatasi ngumu ndiyo iliyokuwa tovuti yetu hasa. Alitembea nayo katika ofisi za mji. Mfadhili akiuliza kama tuna site, Profesa aliufungua mkoba na kumpa ashike. Barua pepe nazo nilimchapia. Alizisoma akiwa na kalamu nyekundu, akasahihisha Kifaransa cha waliotuandikia, akajibu kwa mkono, akatia sahihi, akagonga, na mimi nikapanda Kadutu kuipiga picha barua na kuituma. Kila asubuhi aliniuliza wageni wameongezeka kiasi gani. Niliongeza mwenyewe kwa kuufungua ukurasa. Sikuwa peke yangu. Papa wa cyber aliniambia Profesa humtuma naye aufungue, na humlipa dakika.

Haki yake lazima nimpe, nisije nikaonekana nina chuki tupu. Katika chuo ambacho alama zilikuwa na njia zake, kwake hazikuwa na njia. Hakupokea mbuzi, hakupokea bahasha, na sisi wasichana tuliingia ofisini kwake bila kupanga kwanza na rafiki wa kungoja mlangoni. Mwanafunzi akiwa na njaa, Profesa alimgawia sambaza zake pale pale mezani, juu ya mitihani, na ndiyo sababu mitihani yetu ilinuka samaki. Alikuwa mtu mwema. Ila wema wake haukujua kuandika sentensi moja fupi pale ilipotakiwa.

Siku niliyoanza kuogopa nilikuwa sokoni Kadutu, nikingoja mvua ipungue chini ya bati la watu wanaochapa nyaraka. Kijana mmoja kutoka Sange alikuwa anachukua barua yake ya kusifiwa, imetoka kwenye mashine sasa hivi, bado ina joto. Nikaona ule muhuri. Nikaona sahihi, na kando ya sahihi, doa lenye umbo la haragwe. Kijana huyo sikuwahi kumwona darasani wala ofisini.

"Hii barua umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Profesa," akasema bila wasiwasi. "Ku site yake. Bote banachukuaka pale."

Na kweli, wote walichukua pale. Walikata muhuri wetu mzuri kutoka ukurasani na kuubandika chini ya barua zozote walizotaka. Nilimwomba kijana nakala, nikakimbia nayo mpaka Nguba, nikiwa nimelowa. Profesa alikasirika, akatembea huku na huku, akataja mahakama. Halafu akatulia na kuvaa miwani.

"Barua yenyewe inasema nini?"

Nikamsomea. Ilisema kijana ni mwenye akili adimu, kama alivyoshuhudia Profesa kwa macho yake, na kwamba Profesa mwenyewe ni nuru ya Kivu.

"Style haiko mbaya," akasema. Akachukua kalamu nyekundu akasahihisha sehemu mbili.

"Papa Profesa, tuondoe muhuri kwenye site. Leo hii."

"Tukitosha cachet, itabakia nini? Itabakia publicité, matangazo tupu." Akairudisha barua ndani ya bahasha kwa upole. "Acha kwanza."

Miezi michache baadaye chuo kimoja cha ng'ambo kikatangaza nafasi ya masomo ya udaktari kwa mtu wa Kivu. Nafasi moja. Kwangu haikuwa bahati ya kujaribu tu. Muda wangu wa uassistante ulikuwa unaisha, na asiyeendelea na masomo chuo humtoa. Niliwaona wenzangu wakitolewa, wakabaki wanauza mafuta na unga kwenye maduka ya shemeji zao. Nilikuwa na alama, nilikuwa na mada, nilikuwa na kila kitu isipokuwa barua ya mwalimu wangu.

Niligonga mlango, nikamwomba. Alichukua muda wake, kama kawaida, nikakonda. Lakini aliponiletea barua, nilikaa kwenye ngazi za Kituo nikaisoma nikilia. Hakukuwa na nuru ya Kivu humo. Alitaja utafiti wangu wa wanawake wa soko la Kadutu, alitaja hoja niliyomshinda mbele ya wanafunzi, akasema alirudi nyumbani siku hiyo akakiri kwa mke wake kwamba ameshindwa. Chini aligonga muhuri wake wa kweli, ambao wakati huo ulikuwa umechakaa na herufi zake kuliwa. Haukuwa na doa, kwa kuwa mke wake alikuwa amebadilisha plastiki.

Jibu la chuo lilikuja kwa barua pepe, kwa jina la Profesa. Walikuwa wamepokea barua nyingi zenye sahihi yake, waliandika kwa adabu. Walizilinganisha na muhuri ulio kwenye ukurasa rasmi wa Kituo. Zote zililingana kabisa, hata doa la wino. Moja tu haikulingana. Walimwomba Profesa awaambie ni barua zipi zake.

Ile moja ilikuwa yangu. Mtandaoni, mimi ndiye niliyeghushi.

Nilimchapia, nikampelekea nyumbani, nikamweleza mara mbili ili asikosee. "Papa Profesa, ni kuandika tu kwamba ile isiyolingana ndiyo yako. Sentensi moja."

"Nimesikia, Assistante."

"Na kwamba zingine hauzijui."

"Nimesikia."

Jibu lake hakunipa mimi nilitume. Alimpa Papa wa cyber. Mimi nilipata yangu siku iliyofuata, juu ya meza yangu, imekunjwa vizuri, imegongwa muhuri: nakala kwa taarifa. Aliwaandikia kwamba barua zote zilizowafikia ni zake, ikiwa ni pamoja na ile isiyolingana, na kwamba anawashukuru kwa heshima waliyoipa Bukavu.

Nilimfuata mpaka darasani. Sikungoja wanafunzi watoke.

"Juu ya nini umefanya hivi, Papa Profesa?"

"Sikukukana," akasema, akipanga karatasi zake. "Soma vizuri. Nimesema na yako iko ya kweli."

Ilikuwa hivyo hasa. Hakusema uongo juu yangu. Alisema ukweli wangu katikati ya uongo wa watu wengine, na huko ukapotea. Chuo, kikiwa na rundo la wanafunzi bora ambao mwalimu amewathibitisha wote, kikachagua barua iliyoandikwa kwa maua mengi. Kijana wa Sange akapanda ndege. Mimi nilitolewa chuoni mwisho wa mwaka, na tangu hapo nafundisha sekondari Kadutu, madarasa yaliyojaa, chaki ya kununua mwenyewe. Ni kazi nzuri, nami naifanya vizuri. Siyo kazi niliyoitaka, na sitaacha kusema hivyo kwa sababu watu wanapenda kusikia mtu ameridhika.

Ukurasa wa Kituo ulikufa wenyewe. Kampuni ya ng'ambo iliyouhifadhi bure ilifunga shughuli zake, na siku moja ukawa haupo. Nasikia Profesa aliwaandikia malalamiko, na nakala akampelekea Gavana. Siku hizi Bukavu nzima iko kwenye simu, chama cha sungura kina wafuasi wengi, na hakuna anayeuliza tena kama una site. Mimi na yeye hatukuzungumza kwa miaka. Nikimwona upande wa pili wa barabara, akisimama kufuta viatu, nilipitia upande wangu.

Likizo iliyopita nilikuwa Katana kwa shangazi yangu, aliyenieleza wakati tunachambua maharage kwamba kuna profesa wa Bukavu amelazwa hospitali ya misheni, mguu umevunjika, hana wageni. Nilijua ni nani kabla hajamaliza. Nilijiambia nakwenda kumwambia yote usoni, na njiani nilipanga maneno.

Alikuwa amepungua. Mke wake alikuwa amefariki, hilo sikuwa nimelisikia, na maneno niliyoyapanga yakaharibika mwanzoni. Aliniona, akaniita Assistante, na kuniambia niketi, kana kwamba nimechelewa kazini.

"Yule wangu wa Sange," akasema baada ya salamu, "bananiambia iko na page ku universite yake. Uko na simu?"

Nilikuwa nayo. Na ule ukurasa niliujua, nani asingeutafuta? Siku hizi vyuo vya huko huwatengenezea walimu wao kurasa zinazofanana, picha ndogo, vitabu, anwani. Ndiyo, sasa ni mwalimu. Chini ya picha yake imeandikwa kwamba alilelewa kielimu na Profesa, na jina lake limo zima, kwamba ndiye aliyemfungulia njia, na kwamba anamkumbuka kwa unyenyekevu na ukali wake. Watu wawili ambao hawakuwahi hata kupeana mkono. Na mtandaoni kote, hapo tu ndipo jina la Profesa lilipobaki.

Alinitaka nimsomee. Nikamsomea. Akanitaka nikuze maandishi, akasogeza simu karibu na uso, akasoma mwenyewe, midomo ikitembea.

"Ameandika vizuri," akasema.

Hapo nikashindwa. "Papa Profesa, ulijua ile barua ilikuwa yangu. Ulijua huyu hakuwa wako. Sentensi moja. Juu ya nini?"

Alinirudishia simu, akavuta blanketi, akatazama kitanda cha jirani ambacho kilikuwa kimejaa wageni, wamebeba chungu, wamebeba watoto, wanacheka.

"Balinihesabia barua mingi," akasema. "Mingi kabisa, Assistante. Sasa niandike kama yangu ni moja? Bangesema huyu Profesa, miaka yote ile, mwanafunzi moja tu ndiye alikuya kumuomba barua?"

"Bangesema vile."

"Na ni kweli," akasema. "Ulikuyaka wewe tu."

Ningependa kusema hasira iliniisha. Haikuisha. Ilikaa pale pale nami kwenye kile kiti, ila ilikuwa imepata mtu wa kukaa naye, huruma, na zote mbili zilinibana. Nilimmiminia chai aliyoletewa na muuguzi, ikiwa imepoa. Alikunywa. Nilipoinuka aliniuliza kama kesho nitarudi.

"Nitaona," nikasema.

Kesho yake sikwenda, makusudi. Nilitaka angoje siku moja. Nilikwenda keshokutwa. Muuguzi alinipokea mlangoni akitabasamu, akaniambia tangu jana mzee hakutaka kulala, amewaambia wodi nzima kwamba mwanafunzi wake anakuja.